Sherehe ya Kufunga Mwaka: Dawati kwa Dawati, Sinia kwa Sinia

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi sherehe ya kufunga mwaka katika shule za msingi za Dar es Salaam inavyozidi kuchukua sura ya harusi: kamati, kiwango cha mchango, sare ya kitambaa, keki, mshereheshaji wa kukodi, na spika inayosikika mpaka mtaa wa pili. Leo tunashuka darasani. Tuchukue Darasa la Tatu katika shule ya serikali pale Buguruni, lenye watoto 96 na mwalimu mmoja. Darasa hili nimelitunga ili tupate kitu cha kupigia hesabu, lakini anayeufahamu mji huu hatashangaa. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na madarasa ya mjini yameuvuka muda mrefu.

Mwalimu huyu anataka watoto wake wafurahi kabla ya likizo. Anataka pia arudi nyumbani siku hiyo akiwa na nguvu za kupika chakula cha watoto wake mwenyewe. Yote mawili yanawezekana, ila kuna jambo moja la kubadilisha kwanza. Tuache kuchangishana, tuazimane. Mzazi aombwe sinia, ndoo, mkeka, kanga au saa moja ya muda wake, vitu ambavyo vitarudi kwake jioni ileile. Fedha itakayobaki kutafutwa itakuwa ndogo kiasi kwamba hakuna mtoto atakayejulikana kwa mchango wa nyumbani kwao.

Nasisitiza hili kwa sababu ya sheria na kwa sababu ya ubinadamu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimumsingi ya serikali, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kutangaza kiwango cha mchango wa sherehe anajitia matatani bila sababu. Jambo lolote linalogusa mfuko wa mzazi lipitie kamati ya shule, liwe la hiari kwelikweli, na orodha ya waliotoa isisomwe popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hiari inayotangazwa kwa majina imekwisha kuwa lazima. Na tukumbuke wazazi wa Buguruni ni akina nani: mama wa genge, kuli wa sokoni, kondakta, fundi cherehani, mchuuzi anayetembeza soksi Kariakoo. Kipato chao ni cha kutwa. Elfu kumi inayoombwa wiki ya mwisho ya Novemba inaomba chakula cha siku nzima cha familia, tena wakati mama huyohuyo anawaza madaftari na sare za Januari.

Wapo wanaouliza kama sherehe yenyewe ina haja, ikiwa shule ina upungufu wa madawati na matundu ya vyoo. Ina haja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, katika orodha moja ya mambo ambayo mtoto ana haki kuyapata. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyohivyo katika ibara ya 31. Mtoto aliyekaa mwaka mzima akibanana na wenzake kwenye dawati anastahili saa mbili za kucheka nao.

Saa mbili zinatosha. Shule nyingi za mji huu zinasoma kwa zamu, na chumba kinachotumiwa asubuhi na Darasa la Tatu kinasubiriwa na wengine mchana. Mwalimu asipoziheshimu saa zake atawatia wenzake kwenye taabu. Katika mfano wetu watoto wanaingia asubuhi, kwa hiyo sherehe ianze saa mbili na nusu na imalizike saa nne na nusu. Jua la Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka halina huruma, na baada ya saa tano uwanja wa shule usio na mti haufai kwa mtoto anayekimbia. Wapo pia watoto wenye selimundu, na nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Kwao joto, kiu na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali. Mwalimu awajue kabla ya siku hiyo, awape kazi ya uamuzi au ya kuhesabu pointi kivulini, na maji yasikosekane.

Kuhusu tarehe, nashauri isiwe siku ya kufunga shule. Najua desturi inataka hivyo. Lakini wiki ile mwalimu anajaza ripoti, anakusanya vitabu na kufunga mahudhurio, na baadhi ya watoto wamekwisha kupanda basi kwenda Moshi, Tanga au Iringa kwa bibi. Wiki moja kabla, siku ya Alhamisi, watoto wote wapo na mwalimu bado ana akili iliyotulia. Kisha liko suala la sikukuu yenyewe. Buguruni Mwislamu na Mkristo wamepanga nyumba moja na wanachota maji bomba moja. Sherehe ikiitwa ya Krismasi, nusu ya darasa itakaa kama wageni. Desemba inatupa sikukuu ambayo ni ya kila mtoto, nayo ni Siku ya Uhuru, tarehe 9. Tuifanye iwe sherehe ya kufunga mwaka na kuukaribisha Uhuru, bendera ndogo za karatasi zichorwe na watoto wenyewe kwa rangi za kijani, njano, nyeusi na buluu, na hapo mapambo yamekwisha kupatikana. Mwalimu atazame pia mwandamo, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Sasa chakula. Hapa ndipo sherehe nyingi zinapomchosha mwalimu, na hapa nitakaa kidogo.

Kila mtu akisikia sherehe anawaza pilau. Tuipigie hesabu. Gramu 100 za mchele mkavu kwa mtoto ni karibu kilo 10 kwa darasa letu. Ongeza nyama, viungo, mafuta, vitunguu, kuni au gesi, sufuria mbili kubwa, mpishi na wasaidizi wake, sahani 96 na mahali pa kuzioshea. Mpishi lazima aanze alfajiri ili chakula kiive mapema, na chakula kilichoiva kikikaa kwenye joto kinaharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa bila kuhifadhiwa kwenye baridi au kuwekwa kikiwa cha moto kabisa. Pilau iliyoiva saa kumi na moja alfajiri na kuliwa saa tatu na nusu imekwisha kuvuka mpaka huo maradufu. Jiji hili halipaswi kusahau Agosti 2015, kipindupindu kilipoanzia hapa na kusambaa mikoani kwa miezi mingi. Darasa la watoto 96 si mahali pa kubahatisha.

Tena nyama inaleta swali la nani kachinja, swali la haki kabisa katika mtaa wenye dini mbili. Tukiiacha nyama, swali halizuki.

Kinachobaki ni vitafunwa vikavu na matunda yenye maganda, na kwa hivyo viwili uswahilini tumebarikiwa. Kila shule ina mama wa maandazi anayeuza karibu na lango. Yeye ndiye mpishi wa sherehe hii. Ana karai, ana unga, ana mkono uliozoea, na anawajua watoto kwa sura. Akipewa oda siku tatu kabla, maandazi 100 ni kazi yake ya asubuhi ya kawaida, na pesa inabaki mtaani. Visheti na kashata vinakaa siku kadhaa bila kuharibika, kwa hiyo vinaweza kutengenezwa jana yake. Bisi ni nyepesi, ni rahisi, na watoto wanazipenda. Kwa matunda nachagua ndizi mbivu kabla ya tunda lolote. Imekuja na kifuniko chake, haihitaji kisu wala sahani, na mtoto anaimenya mwenyewe. Tikitimaji ni tamu, lakini likishakatwa linavuta nzi na linahitaji maji safi, kisu safi na mikono safi, mambo matatu ambayo siku ya sherehe ni vigumu kuyasimamia. Maembe yameshaanza kushuka bei mwishoni mwa mwaka, ila embe na sare nyeupe ya shule havipatani, na mama mzazi ndiye atakayefua.

Soko la Buguruni liko hatua chache, na ndizi za jumla zinapatikana asubuhi na mapema. Mzazi anayefanya kazi sokoni humo akiombwa kuchagua ndizi 100 kwa bei ya sokoni, amechangia kwa ujuzi wake kuliko mwenye fedha. Tukikadiria shilingi 500 kwa kila mtoto, darasa zima ni shilingi 48,000. Kiasi hicho kamati ya shule inaweza kukijadili bila kugombana. Juisi za kuchanganya na barafu ziachwe. Maji yaliyochemshwa na kupozwa kwenye ndoo yenye koki yanatosha, kila mtoto na kikombe chake kutoka nyumbani.

Njia ya kugawa chakula ndiyo inayoamua kama mwalimu atapiga kelele au atatabasamu. Foleni ya watoto 96 mbele ya meza moja ni fujo iliyopangwa. Wakubwa watasukuma, wadogo watalia, na wapo watakaopanga foleni mara mbili. Pwani yetu ilikwisha kupata jibu la jambo hili zamani. Maulidini na harusini watu hawaendi kukifuata chakula, chakula kinawafuata walipokaa, sinia moja kwa watu sita au saba. Tufanye hivyohivyo. Madawati 32 ya watoto watatu-watatu yakigeuzwa mawili-mawili yakatazamana, tunapata meza 16 za watoto sita. Kila meza sinia moja: maandazi sita, ndizi sita, visheti na bisi katikati. Ukosefu unaonekana papo hapo, kwa sababu sita ni sita. Na pasipokuwa na madawati ya kutosha, mikeka chini inafaa zaidi, maana ndipo sinia lilipozoea kukaa.

Masinia 16 ndiyo yanayoazimwa kwa wazazi 16. Wengine wataleta ndoo, mikeka na kanga za kutundika ukutani. Kila chombo kibandikwe karatasi yenye jina la mwenyewe, na jina liandikwe daftarini kinapopokelewa. Kwa kanga, mwalimu asome maandishi yake kabla ya kuitundika. Kanga ina maneno yake, na mengine yametungwa kwa ajili ya mke mwenza au jirani mchokozi. Ukutani kwa Darasa la Tatu yatafutwe ya heri na upendo, na watoto wanaojifunza kusoma watayasoma kwa sauti siku nzima.

Kabla ya kula kuna kuosha mikono, na hili pia lina hesabu yake. Ndoo moja yenye koki, mtoto mmoja akitumia nusu dakika kwa sabuni na kusuuza, itachukua dakika 48 kwa darasa letu. Ndoo nne zitachukua dakika 12. Basi ziwe nne, kila moja na mzazi mmoja, na watoto waende meza moja-moja wakati wengine wanateguliana vitendawili. Ukiyaacha haya yaamuliwe siku ileile, utaiona nusu saa ikipotea bomba moja likigombaniwa.

Michezo isitafutwe mbali. Rede, mdako, kuruka kamba, kombolela, kuvuta kamba, mbio za magunia: watoto wa Buguruni wanaijua kuliko sisi, wanajua kanuni zake na wanajua kuhukumiana. Mwalimu achague mitatu tu, agawe darasa makundi manne, na aache viranja waendeshe. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 alitaka shule iwe jumuiya ambayo wanafunzi wanashiriki kuamua na kufanya kazi zake. Sherehe ni mahali pazuri pa kulionja hilo. Kundi moja lipambe, moja lipange madawati, moja lipokee vyombo na kuviandika, moja lifagie mwishoni. Mtoto wa miaka tisa aliyekabidhiwa daftari la masinia hatalipoteza.

Mvua za vuli nazo zisisahaulike. Mabonde ya Buguruni karibu na Mto Msimbazi hujaa maji kwa mvua ya saa moja, na uwanja wa shule hugeuka tope. Uwepo mpango wa ndani tangu mwanzo. Kwa hili ngonjera haina mfano. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeusambaza utanzu huu baada ya Azimio la Arusha, na shule zetu zimeutumia tangu hapo. Pande mbili zinabishana kwa mashairi, kila upande watoto kumi, na darasa lote linaitikia. Mkaa na gesi wabishane, au daladala na mwendokasi, au Kariakoo na Buguruni. Watoto watunge wenyewe wiki mbili kabla, katika vipindi vya Kiswahili, na hivyo maandalizi ya sherehe yatakuwa somo lenyewe.

Sijataja spika. Naomba tuiache. Madarasa jirani yanasoma, sauti kubwa inawachosha watoto wadogo, na mwalimu akishashindana na spika atamaliza siku bila koo. Anayedhani hakuna sherehe bila muziki mkubwa akumbuke kwamba Buguruni ndiyo yenye shule ya viziwi inayojulikana nchi nzima, iliyoko hapa tangu miaka ya 1970. Watoto viziwi wanacheza, wanashangilia na kupongezana, mikono ikipunga hewani mahali pa makofi. Mchezo unaoanzishwa kwa kitambaa kinachodondoshwa badala ya filimbi unamfaa kila mtoto, naye asiyesikia vizuri, ambaye huenda yumo darasani bila mwalimu kujua, haachwi nyuma. Nawaomba walimu wa shule jirani wajifunze ishara chache za pongezi na kuwafundisha watoto wao siku hiyo. Hakuna gharama, na watoto hawa watapishana njiani maisha yao yote.

Zawadi ni jambo linalotaka ukali kidogo. Kubadilishana zawadi, kila mtoto aje na yake, kukomeshwe. Mmoja atapewa gari la kuchezea, mwingine kalamu iliyokwisha wino, na aliyekuja mikono mitupu atajificha chooni. Kama kamati ina kitu, kila mtoto apate penseli moja, na zote ziwe sawa. Watoto 96 ni dazani nane kamili. Zinapatikana kwa bei ya jumla Kariakoo, na aendaye aende siku ya kazi asubuhi katikati ya Novemba, kabla Mtaa wa Kongo haujafurika wanunuzi wa sikukuu kiasi cha kukosa pa kuweka mguu. Zisifungwe kwenye mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Hata karatasi hazihitajiki, penseli ikikabidhiwa mkononi pamoja na sentensi moja ambayo mwalimu amemwandalia mtoto huyo. Sentensi 96 ni kazi kubwa kuliko zote nilizozitaja, na kama mwalimu ana nguvu ya kazi moja tu, nashauri iwe hii. Aandike tano kila jioni, na kwa wiki nne atakuwa amemaliza. Mtoto aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba mwaka huu ameacha kuogopa kusoma mbele za watu atalitamka neno hilo nyumbani kabla hajaitoa penseli mfukoni.

Picha zipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, na zisiende mitandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Mzazi akiridhia, apewe picha ya mwanawe. Picha ya darasa zima ichapwe moja na ibandikwe ukutani.

Saa nne na robo kufagia kunaanza. Maganda ya ndizi kwenye ndoo yake, masinia yaoshwe kwa zamu, jina baada ya jina likatwe daftarini mwenyewe anapokichukua chombo chake. Visheti vilivyobaki wapewe mlinzi na wafagiaji wa shule, ambao mara nyingi hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Saa nne na nusu madawati yawe yamerudi mahali pake, watoto wa zamu ya mchana wasijue kulikuwa na nini isipokuwa kwa bendera za ukutani. Daftari la vyombo lipewe mwalimu atakayelipokea darasa hili Januari, likiwa na hesabu ya ndizi, jina la mama wa maandazi na orodha ya wazazi walioazimisha.

Wiki ijayo: mahafali ya Darasa la Saba, ambako fedha ni nyingi zaidi na mashaka ya wazazi ni makubwa zaidi.